Sura ya Tisa: Kibao Kisichobonyea

Wakili wa serikali hakupaza sauti. Aliigeuza ile kompyuta mpakato ikamwelekea Inspekta, akamtaka aufungue mchoro mwenyewe, kwa kidole chake, kama mtuhumiwa alivyodai kuufanyia kazi usiku wa kifo. Inspekta akaweka kidole kwenye kibao cha kugusa, kile kilicho chini ya herufi. Mshale ulisogea kidogo kwenye kioo, ukasita, ukarukia pembeni, ukaganda. Akabonyeza. Kibao hakikubonyea. Akakaza kidole mpaka ukucha ukawa mweupe, na kibao kikabaki kigumu kama meza iliyokuwa chini yake.

"Kijana wako alichorea hiki?" wakili akauliza.

Lile neno "wako" lilikuwa la kejeli, na Inspekta alilimeza. Kituo kizima kilijua kwamba ni yeye peke yake aliyebaki akiamini kwamba mchora ramani hakumuua mwajiri wake. Wenzake walishachoka kumshangaa, sasa walikuwa wanamhurumia, na huruma ya askari mwenzako ni kitu kibaya sana kukaa nacho ofisini.

Kesi yenyewe haikuwa na mizunguko. Mwajiri alianguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo ambalo halijaisha, na mlinzi wa jirani alisikia ukelele taarifa ya habari ya saa tatu usiku ilipokuwa inaanza. Ukingo wa mbao uliokuwa pale juu ulikuwa umetolewa, haukuvunjika. Mchana wa siku hiyo mwajiri na mchora ramani walikuwa wamegombana, kwa sababu mkubwa alikuwa na tabia ya kuweka sahihi yake juu ya michoro ya kijana. Hayo yote yalimkandamiza kijana. Kilichomtetea kilikuwa kimoja tu: mchoro wa ngazi uliokuwa ndani ya kompyuta hii, uliohifadhiwa saa tatu ileile, nyumbani kwao, upande wa pili wa mji. Katika maelezo yake alisema alichora jioni nzima, akahifadhi kazi, akalala.

Wakili aliieleza njia panda bila kuipamba. Kesho asubuhi hakimu anataka kujua kama shtaka linaendelea au linafutwa. Kama kibao kilikuwa kimekufa usiku ule, basi hakuna mtu aliyechora chochote, na kijana amedanganya. Kama kilikufa baadaye, mikononi mwa polisi, kijana alisema kweli, na wakili atalifuta shtaka mwenyewe.

"Niletee moja kati ya hayo mawili," akasema. "Lolote. Ila uwe na hakika nalo."

Inspekta akaifunga mashine ndani ya mfuko wake wa ushahidi, akatoka.

Kwenye benchi la nje la kituo alikaa mama wa mtuhumiwa, kama kila asubuhi, na shati lililopigwa pasi likiwa mapajani. Alikuwa na desturi ya kumletea mwanawe shati safi na kuondoka na lile chafu, na hakuna askari aliyekuwa na roho ya kumwambia kwamba mashati hayasaidii. Alinyanyuka.

"Binti yangu, kuna habari?"

"Leo ninahangaika na kompyuta yake, mama. Jioni nitapita nyumbani, nitakuwa na maswali mawili matatu."

"Njoo tu. Mimi nitakueleza lolote ninalojua."

Fundi wa kompyuta aliitwa Bisibisi na mtaa mzima, na jina lake halisi huenda alikuwa amelisahau hata mwenyewe. Kibanda chake kilikuwa katikati ya kinyozi na duka la vioo. Inspekta alikata lakiri mbele yake, akamwonya kwamba kila atakachofanya atakifanya kwa kusema, na yeye atakiandika. Bisibisi akajibu kwamba kusema hakujawahi kumshinda, mkewe ni shahidi.

Alianza na mambo madogo. Kuna mashine zina kitufe cha kuzima kibao, mtu anakigusa bila kujua, halafu anakuja dukani analia. Akakibonyeza. Hakuna kilichobadilika. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta kibao hakijazimwa. Akaufuta uso wa kibao kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya vidole nayo yana vituko vyake. Akazima mashine na kuiwasha upya. Mshale ukasogea vizuri kwa muda, Inspekta akavuta pumzi, halafu ukaganda palepale.

"Chai," Bisibisi akatoa hukumu. "Kamwagia chai yenye sukari, ikakauka chini yake. Hii naijua."

Hakuijua. Aliinusa, akaimulika kwa tochi kwenye nyufa za pembeni, akakuta pakavu na pasafi. Akairudisha mezani kwa kero, na mashine ikatikisika. Akaigusa pembe moja, pembe nyingine ikanyanyuka. Akaigusa tena, polepole, na mzaha wote ukamtoka usoni.

"Afande, sogea nyuma kidogo."

Akaizima, akachomoa chaja, akaipindua. Mfuniko wa chini ulikuwa umetuna katikati. Akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kifuniko cha kopo, na ile ya mwisho ilipolegea mfuniko ulinyanyuka wenyewe. Betri ilikuwa imevimba kama mto wa kulalia. Ilikuwa imejaa chini ya kibao na kukisukuma juu, hata kisipate nafasi ya kushuka. Bisibisi aliitoa kwa mikono yote miwili, bila kuikunja wala kuichokoa, akaipeleka nje na kuizika kwenye debe la mchanga. Alieleza kwamba ukiitoboa inawaka, na maji hayaizimi.

Kisha akaiwasha mashine kwa chaja peke yake. Akaweka kidole, mshale ukateleza. Akabonyeza. Kibao kikashuka na kupanda, tak.

"Kizima kabisa," akasema. "Kilikuwa kimekabwa tu."

Inspekta aliuliza betri huvimbishwa na nini. Kwa kuachwa kwenye umeme bila kuchomolewa, Bisibisi akamjibu, hasa kwenye joto. Inashiba, na bado unailisha. Na hii ilianza lini? Hapo fundi akakuna kichwa. Huenda ni wiki kadhaa, huenda ni miezi.

"Betri haina cheti cha kuzaliwa, afande. Nikikutajia siku nitakuwa nimekudanganya."

Wakati anairudishia mfuniko aliona kitu kingine ubavuni, kwenye tundu la kuchomekea waya: kidude cheusi kisichozidi ukucha. Ni cha mausi isiyo na waya, akaeleza. Kinakaa hapo, mausi inakaa mezani, vinazungumza vyenyewe. Akauliza mausi yenyewe iko wapi. Haikuwa miongoni mwa vielelezo, na Inspekta aliona haya, maana mashine hii ilipita mikononi mwa askari wanne na hakuna aliyekiona. Akakiweka kwenye kimfuko chake, akaandika.

Stoo ya vielelezo ilikuwa nyuma ya kituo, chini ya bati lisilo na dari. Mtunza stoo walimwita Kufuli kwa sababu hakuna kilichowahi kumpotea. Inspekta alisimama mlangoni akatazama ukuta. Alikuwa ameuona mara nyingi bila kuutazama. Nyaya zilitambaa kutoka soketi moja hadi nyingine, na mwisho wa kila waya palikuwa na simu au kompyuta, kila moja na karatasi yake ya namba ya kesi, kila moja na taa yake ndogo inayowaka.

Alimuuliza, bila kumwonyesha jibu, kompyuta ya mchora ramani ilikuwa inakaa wapi.

"Hapo, soketi ya tatu," Kufuli akajibu kwa fahari. Kuna mwaka simu ya ushahidi ilizimika humu, ilipowashwa mahakamani ikadai namba ya siri ambayo marehemu alikwenda nayo kaburini, na kesi ikafa. Tangu hapo akajiapiza kwamba chini ya ulinzi wake hakizimiki kitu. "Kituo gani kingine wanafanya hivi? Ile mashine tangu imeingia haijakosa umeme hata siku moja. Usiku, mchana, sikukuu."

Jasho lilikuwa linamtiririka Inspekta mgongoni, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitamani kucheka. Polisi ndio walioivimbisha. Kwa bidii, kwa nia njema, kwa joto la bati. Hakuna kituo kingine duniani ambacho kingeweza kukiua kibao kile kwa uangalifu mkubwa namna hii. Alipomweleza Kufuli kilichokutwa chini ya mfuniko, mzee wa watu alikaa juu ya kreti na kuvua kofia.

"Utaniponza, afande. Nina watoto wanasoma."

"Huponzeki. Nitaandika ulichofanya na sababu yake. Huenda umeokoa mtu."

Lakini alikuwa mpelelezi, na kile kidude cha ukubwa wa ukucha kilikuwa kinamwasha mfukoni. Penye kidude pana mausi. Akapanda hadi ofisi ya michoro ya marehemu.

Ofisi ilikuwa bado imefungwa kwa utepe wa polisi tangu usiku ule, isipokuwa chumba cha mbele alichokaa Sekretari, mwanamke wa makamo aliyekuwa anapokea simu za wateja na kuwaambia wote jambo lilelile. Alipoulizwa habari za mausi alitikisa kichwa, akasema kama haipo kwenye meza ya kijana, basi iko rumande.

Rumande lilikuwa ni jina la droo ya mkubwa. Kila jioni marehemu alipita meza hadi meza, na chochote alichokuta kimesahauliwa, kalamu, rula, miwani, alikibeba na kukifungia. Asubuhi mwenye mali aliwachemshia wote chai ndipo akaachiwa. Watu walicheka, isipokuwa siku yao ilipofika.

Inspekta alifungua droo mbele ya Sekretari. Mausi ilikuwa juu kabisa, na mgongoni ilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha. Sekretari alisema doa ni lake, aliweka alama kwenye mausi zote zisichanganywe. Wakabadilisha betri zake ndogo, wakachomeka kidude kwenye kompyuta ya mapokezi, na mshale ukafuata mkono. Ilikuwa ndiyo.

"Iliingia humu lini?"

"Jioni ile ya mwisho." Sekretari alitazama dirishani. "Walishagombana, kijana kaondoka na laptopu yake kwa hasira, hakukumbuka kuchukua mausi. Mkubwa aliibeba mwenyewe, anacheka peke yake. Akaniambia kesho huyu atatunywesha chai. Mimi sikucheka."

Inspekta akamuuliza kama kijana alikuwa akitumia mausi kwa kupenda au kwa kulazimika. Sekretari hakujua. Ofisini wote walitumia mausi, kazi ya ramani ndivyo ilivyo, na nyumbani kwake hakuwahi kufika.

Akashuka ngazi akipanga mambo kichwani. Usiku ule mausi ilikuwa imefungwa katika droo ya mtu aliyekuwa anakwenda kufa, kwa hiyo nyumbani kijana hakuwa nayo. Hilo lenyewe halikumtia hatiani. Kama kibao kilikuwa kizima, alichorea kibao, kwa taabu, lakini inawezekana. Alihitaji mtu mmoja tu aliyekuwa ndani ya nyumba jioni ile, aseme alikiona kidole cha kijana juu ya kibao na mshale ukitembea. Na mtu huyo yupo, na amesema atamweleza lolote analojua. Inspekta alitembea haraka. Alithubutu hata kuifikiria sura ya mama wa watu kesho, akitoka mahakamani na mwanawe, na shati lisilokuwa na pa kupelekwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Mama alimkaribisha kiti kilicho bora, akaketi kwenye kile cha kamba. Maelezo yake ya kwanza, yaliyochukuliwa na askari mwingine, yalikuwa na sentensi moja: mwanangu alikuwa nyumbani. Hakuna aliyemuuliza zaidi, kwa sababu kila mtu alijua mama atasema nini. Inspekta alifungua karatasi mpya. Akamwambia kwamba hatamuuliza swali linaloonyesha jibu, na yeye asijibu analofikiri linatakiwa.

"Nitasema yaliyokuwa," mama akasema. "Sina haja ya kuongeza. Mtoto alikuwa hapa."

Kompyuta ilikuwa ikikaa wapi? Hapo, akaonyesha meza iliyo chini ya dirisha la sebule, karibu na televisheni. Soketi nzima ndani ya nyumba ni hiyo moja. Mashine ilikuwa inatoka ofisini inachomekwa, inalala imechomekwa, na siku za mapumziko haikutoka kwenye waya kabisa.

Kalamu ya Inspekta ilipunguza mwendo. Aliuliza swali lililofuata akiwa anatazama karatasi.

"Kile kibao cha chini ya herufi, cha kutelezesha kidole. Jioni ile kilikuwa kinafanyaje kazi?"

"Kile?" Mama alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayeulizwa habari za mgonjwa wa siku nyingi. "Kile kilikwisha kufa zamani, mwanangu. Kigumu kama jiwe. Alikuwa anakipiga ngumi mpaka mimi namkanya. Ndiyo maana alinunua ile mausi. Na jioni ile akaisahau kazini, akaja hapa amevimba kwa hasira."

Nje mtu alikuwa anafagia.

Inspekta angeweza kuishia hapo. Alijua hilo vizuri, na alijua pia kwamba wakili hataishia hapo.

"Basi alichorea nini, mama?"

"Hakuchora. Angechoraje? Aliufungua tu ule mchoro wake kwa kubonyeza vitufe, akauangalia, halafu akasema kichwa kinamuuma, anakwenda kulala, nisimwamshe." Mama akasogeza kiti mbele. Alikuwa amefika mahali alipokuwa anapataka, na uso wake ulichangamka. "Sasa sikiliza hapa, maana yule askari wa kwanza hakunipa nafasi. Akaniambia, mama, kazi hii isije ikapotea. Ukisikia taarifa ya habari imeanza, njoo ubonyeze vitufe hivi viwili kwa pamoja. Akaniwekea vipande vya plasta juu yake nisikosee. Mimi nimekaa hapa namngojea mtangazaji na roho mkononi. Taarifa ilipoanza tu, nikabonyeza. Ikaandika kitu pale chini, nikajua imekubali. Kwa hiyo mimi ni shahidi. Kompyuta ilikuwa hapa, kazi ilihifadhiwa hapa, na mtoto alikuwa mle amelala. Wakiniita mahakamani nitasema hivyohivyo."

Inspekta aliomba kukiona chumba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, tayari. Dirisha lilitazama uchochoro wa nyuma, na halikuwa na nondo wala wavu. Wavu ulikuwa umeviringishwa na kusimamishwa pembeni ya kabati. Alimuuliza nani aliutoa.

"Yeye mwenyewe, wiki ileile. Alilalamika joto."

"Usiku ule ulifungua mlango huu, mama? Ulimwona akiwa kitandani?"

"Si aliniambia nisimwamshe?" Mama alimtazama. "Asubuhi nilimkuta. Alikuwa mle."

Inspekta alirudi sebuleni, akaketi, akaandika. Hakuandika zaidi ya alichoambiwa wala pungufu yake. Mkono ulimtii kwa kuwa mkono ulizoea. Zile plasta hazikuwepo tena juu ya herufi ilipochukuliwa mashine, na alijua nani alizibandua. Kufuli alikuwa hana hatia. Hilo ndilo jambo jema pekee alilolipata siku nzima, na halikumpa nafuu.

Alimsomea mama maelezo yote, polepole. Mama alikuwa anaitikia kila sentensi kwa kichwa, na pale kwenye taarifa ya habari alimsimamisha, akataka iandikwe kwamba alibonyeza mara moja tu, ila kwa uhakika. Inspekta akaongeza. Mama akavaa miwani, akaweka sahihi kwa herufi kubwa zilizonyooka.

"Ushahidi wangu utamsaidia?"

"Nitaupeleka kwa wakili leo hii, mama."

"Kesho nimpelekee lile shati jeupe? La mahakamani?"

"Mpelekee."

Inspekta alikunja karatasi, akasimama. Mama naye alisimama amsindikize, lakini kwanza aliisogelea ile meza iliyokuwa tupu, akaweka vidole viwili juu ya mbao, kimoja hapa kimoja pale, akabonyeza kwa pamoja, taratibu, kama alivyofundishwa.

"Ilikuwa hivi," akasema. "Sikukosea, eti?"

"Hukukosea, mama."